Mguu Umevunjika: Jinsi ya Kuzuia Damu Isigande Mishipani, na Jinsi ya Kuligundua Donge Mapema

Mfupa ukivunjika, watu wote huutazama mfupa. Eksirei inainuliwa kwenye mwanga, daktari anaonyesha palipokatika, na mazungumzo yote yanakuwa ya plasta, chuma na tarehe ya upasuaji. Wakati huohuo, ndani ya vena kubwa za mguu, damu inaweza kuwa imeanza kuganda. Donge likibaki mguuni huleta uvimbe na maumivu ya miezi. Likikatika, hupanda na damu, hupita moyoni na kukwama mapafuni, na mgonjwa aliyekuwa akila chakula cha jioni anaweza kufa kabla muuguzi hajafika kitandani.

Sehemu kubwa ya kinga iko mikononi mwa anayekaa na mgonjwa: ndugu anayeshinda wodini Kisumu au Kakamega, mke anayemuuguza mwendeshaji boda aliyerudishwa nyumbani Njoro akiwa na plasta hadi pajani. Mwongozo huu ni wao. Dozi zilizotajwa ni za kawaida kwa mtu mzima, ili uelewe kinachoandikwa kwenye karatasi za matibabu. Dawa hizi hazinunuliwi wala kubadilishwa bila daktari, kwa sababu zinazozuia damu kuganda ndizo hizohizo zinazoweza kumfanya mtu avuje damu ndani kwa ndani.

Nani yuko hatarini zaidi

Damu huganda mshipani kwa sababu tatu, ambazo madaktari huziita kwa jina la Mjerumani Rudolf Virchow wa karne ya 19: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa tayari zaidi kuganda. Mguu uliovunjika unazo zote. Misuli ya shavu la mguu, ambayo hukamua vena na kusukuma damu juu kila unapopiga hatua, imelala. Ncha za mfupa, na baadaye upasuaji, zimeijeruhi mishipa ya karibu. Na mwili, katika kuzuia damu isimwagike, umeongeza uwezo wa kugandisha damu kote, si pale palipovunjika tu. Ndiyo maana donge linaweza kujitengeneza kwenye mguu mzima ambao haukuguswa. Usiusahau mguu huo.

Hatari ni kubwa zaidi mtu akivunjika nyonga, fupanyonga au mfupa wa paja. Hupungua kwa muundi, na ni ndogo zaidi kwa kifundo na wayo, ingawa haiishi, hasa mguu ukifungwa plasta na mtu akaacha kutembea kabisa. Nyanya aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga yuko hatarini kuliko kijana aliyepasuka kifundo uwanjani.

Kuna mambo ambayo daktari hatayajua usipomwambia. Mweleze kama mgonjwa aliwahi kuganda damu, au mzazi au ndugu wa tumbo moja aliwahi. Kama ana saratani. Kama ni mjamzito au amejifungua ndani ya wiki 6 zilizopita. Kama anameza vidonge vya kupanga uzazi. Kama anaishi na virusi vya ukimwi. Huku ukanda wa Ziwa, swali la selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa damu) lisirukwe. Ugonjwa wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda, na hata mtu aliyerithi upande mmoja tu, ambaye hajawahi kuugua, hatari yake ya donge la mapafuni iko juu kidogo kuliko ya wengine. Wengi hawajijui hadi wapimwe.

Kusubiri upasuaji nako ni hatari. Anayekaa siku nyingi kitandani akingoja nafasi ya chumba cha upasuaji, au akingoja familia ichange pesa za chuma, anaweza kuingia upasuaji huo donge likiwa tayari limeshika. Kwa hiyo siku ya kwanza wodini uliza hivi, kwa heshima na bila kuzunguka: "Daktari, mgonjwa wetu amewekewa dawa ya kuzuia damu kuganda? Kama bado, ni kwa sababu gani?" Sababu nzuri zipo. Aliyeanguka na boda huenda amevuja damu kichwani, au bado anavuja tumboni, na kumpa dawa hiyo kungemmaliza. Lakini kama hakuna sababu, swali lako ndilo litakalofanya iandikwe.

Mazoezi ya kila saa

Hapa ndipo familia inapofanya kazi kubwa kuliko mtu mwingine yeyote. Muuguzi ana wagonjwa wengi na hawezi kusimama kitandani kwako kila saa. Wewe unaweza. Mazoezi yanaanza mara maumivu yanapotulizwa, baada ya daktari au mtaalamu wa viungo kukuambia kipi kinaruhusiwa upande uliovunjika. Mguu mzima hauhitaji kusubiri ruhusa hiyo.

Anza na kifundo. Mgonjwa akiwa amelala chali, avute vidole vya mguu kuelekea usoni hadi asikie shavu la mguu limekazika, ashikilie kwa hesabu ya tatu, kisha asukume wayo mbele kama anayekanyaga breki. Hiyo ni moja. Afanye 20 kila saa akiwa macho, miguu yote miwili kama kifundo cha upande uliovunjika kiko huru. Kifundo kikiwa ndani ya plasta, akunje na kukunjua vidole, halafu ajaribu kusukuma wayo dhidi ya plasta bila kitu kusogea: msuli ukikaza na kulegea ndani, vena inakamuliwa vilevile. Kutikisa vidole kidogo kwa adabu, kama wagonjwa wengi wanavyofanya wakiulizwa na daktari asubuhi, hakusaidii. Tazama shavu la mguu, si vidole. Usipoona msuli ukipanda na kushuka, zoezi halijafanyika.

Cha pili ni paja. Asukume nyuma ya goti chini kwenye godoro hadi msuli wa mbele ya paja ukaze, ashikilie kwa hesabu ya tano, alegeze. Mara 10 kila saa. Cha tatu ni pumzi: avute hewa ndefu kupitia puani hadi mbavu zipanuke, aitoe taratibu, mara 5 hadi 10. Pumzi hiyo huvuta damu kutoka miguuni kurudi kifuani, na huzuia nimonia.

Mgonjwa aliye kwenye traksheni, mguu ukivutwa kwa mawe au mifuko ya mchanga kwa wiki nyingi, anahitaji uangalizi wa pekee, maana ndiye anayelala muda mrefu kuliko wote. Uzito lazima uning'inie hewani. Ukigusa sakafu au ukiegemea kitanda, hauvuti chochote. Usiunyanyue ukifagia wala ukibadilisha shuka. Kama kitanda kina chuma cha juu cha kushikia, mgonjwa ajivute kwa mikono, akanyage godoro kwa mguu mzima na kunyanyua makalio. Hilo linaupa mguu mzima mazoezi na kuokoa ngozi ya mgongo isitoke vidonda. Kifundo cha mguu unaovutwa kiendelee kupigwa juu na chini kutwa nzima, isipokuwa daktari amekataza.

Baada ya upasuaji, kutoka kitandani mapema ndiyo dawa bora isiyonunuliwa. Mara nyingi mtaalamu wa viungo atamketisha au kumsimamisha siku inayofuata, kwa magongo au fremu ya kutembelea. Familia huogopa kwamba chuma kitapinda. Uliza tu akanyage kwa uzito kiasi gani: asikanyage kabisa, aguse chini kwa vidole, au akanyage kawaida. Ukishajua, usimrudishe kitandani kwa huruma.

Maji, na aibu ya chombo cha haja

Mgonjwa asiyeweza kushuka kitandani hujifunza upesi kwamba akinywa maji ataomba chombo cha haja, na chombo hicho ni aibu kwake: pazia halipo au halifungi, wageni wamejaa, aliyeshika chombo ni mkwe au mtoto wake. Basi anaacha kunywa. Chai ya asubuhi inabaki nusu, chupa ya maji inashinda imejaa, na mkojo unakuwa na rangi ya chai ya rangi. Mwili ukikaukiwa, damu hupungua maji na kwenda polepole, na joto la mchana la Kisumu linaongeza ubaya.

Suluhisho si kumkemea. Panga nani anashika chombo na saa ngapi, leta leso ya kusitiri, waombe wageni watoke. Mwanamume apewe chupa ya mkojo ya kwake, iwekwe mahali anapofika bila kuomba. Kisha weka chupa ya lita moja kando ya kitanda na uhakikishe imeisha mara mbili kwa siku, ukihesabu chai, uji na supu humohumo. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kipimo cha daktari. Mkojo wa rangi ya njano hafifu ndio unaotafutwa.

Jinsi ya kuinua mguu

Mguu huinuliwa wote, kuanzia paja hadi kifundo, kisigino kikiwa juu kuliko moyo na kikining'inia huru bila kugusa kitu. Panga mito miwili au blanketi lililokunjwa kwa urefu wa mguu. Kosa tunaloliona sana ni mto mmoja mgumu chini ya goti peke yake: unamfariji mgonjwa, lakini unabana vena kubwa iliyo nyuma ya goti na kulikunja goti likakataa kunyooka. Kosa la pili ni bandeji ya krepu iliyokazwa katikati ya mguu na kulegezwa chini; damu inanasa chini ya kibano. Bandeji huanzia vidoleni, hupanda, na hukazwa zaidi chini kuliko juu.

Soksi za kubana zisivalishwe kwa kubahatisha. Hupimwa kwa utepe, na kabla ya hapo daktari ahakikishe mapigo ya damu kwenye wayo yanasikika. Mguu usiofikiwa na damu vizuri, kama wa mzee mwenye kisukari, unaweza kuoza ndani ya soksi.

Sindano ya tumboni

Dawa ya kinga inayotumika sana ni enoksaparini, ambayo wengi huijua kwa jina Clexane. Kwa kawaida ni miligramu 40 mara moja kwa siku, chini ya ngozi. Mahali isipopatikana hutumika heparini ya kawaida, yuniti 5,000 kila baada ya saa 8 au 12. Figo zikiwa dhaifu, dozi ya enoksaparini hupunguzwa, kwa hiyo uliza kama kipimo cha figo kimefanywa. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, dawa inaweza kuendelea hadi siku 35, na sehemu kubwa ya siku hizo atakuwa nyumbani. Mwombe muuguzi akufundishe kabla ya kuruhusiwa, na umchome mbele yake angalau mara moja.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Mgonjwa alale chali au aketi akiegemea.
2. Chagua ubavu wa tumbo, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, mbali na kovu, jeraha au chubuko. Leo kulia, kesho kushoto.
3. Safisha ngozi, uiache ikauke.
4. Toa kifuniko kwa kukivuta moja kwa moja. Sindano iliyojazwa kiwandani ina kiputo cha hewa. Ukiwa unatoa dozi yote, usikifukuze, utamwaga dawa.
5. Finya mkunjo wa ngozi kwa vidole viwili na uushikilie hadi mwisho.
6. Ingiza sindano yote, ikisimama wima juu ya mkunjo, usukume dawa taratibu hadi iishe.
7. Chomoa kwa njia uliyoingilia, kisha ndipo uachie mkunjo.
8. Usisugue. Kusugua ndiko kunakoleta yale madoa makubwa ya damu yanayowatisha watu. Doa dogo ni la kawaida.

Sindano iliyotumika iingie kwenye chombo kigumu chenye kifuniko, kama galoni ndogo ya plastiki, ikarudishwe hospitalini. Isitupwe jalalani wala chooni. Dawa ihifadhiwe mahali pasipozidi nyuzi 25: si chini ya mabati, si dirishani, si kwenye dashibodi ya gari, wala si kwenye friza. Choma saa ileile kila siku. Ukisahau, choma unapokumbuka, lakini kama dozi inayofuata imekaribia, subiri hiyo. Usichome mbili kwa pamoja.

Saa ya dozi ya mwisho iandikwe, kwa sababu moja nzito: mgonjwa akichomwa ganzi ya mgongoni mapema mno, damu inaweza kuvuja kwenye uti wa mgongo na kumpoozesha. Baada ya dozi ya kinga husubiriwa angalau saa 12, na baada ya dozi ya matibabu, ile kubwa ya aliyekwisha kupata donge, saa 24. Mtaalamu wa ganzi akija, mpe saa hiyo hata kama hajauliza.

Bei ya sindano huwashinda wengi baada ya kutoka wodini, na wengine huacha kimyakimya. Usiache bila kusema. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa 2023, wenye wagonjwa zaidi ya 12,000 waliovunjika mikono, miguu au fupanyonga, ulilinganisha enoksaparini na aspirini ndogo ya miligramu 81 mara mbili kwa siku. Vifo vilikuwa karibu sawa, na madonge ya mapafuni sawa, ingawa madonge ya mguuni yalizidi kidogo kwa waliotumia aspirini. Kwa hiyo mwulize daktari kama mgonjwa wako anaweza kumalizia kwa aspirini. Hilo ni swali la maana, si la umaskini. Mwenye vidonda vya tumbo atajibiwa tofauti.

Kupima mguu kwa utepe

Mguu uliovunjika huvimba hata bila donge, na hapo ndipo watu wanapopotezwa. Uvimbe wa jeraha hupungua ukiinua mguu usiku na hupungua siku hadi siku. Uvimbe wa donge haupungui kwa kuinua, au hurudi baada ya kuwa umeshapungua, na mara nyingi huja na maumivu mapya mahali ambapo hapakuvunjika: shavu la mguu, nyuma ya goti, ndani ya paja, kinenani.

Chukua utepe wa fundi wa nguo. Papasa chini ya pia ya goti hadi upate kinundu cha mfupa, pima sentimita 10 kushuka chini, weka alama kwa kalamu. Zungusha utepe hapo bila kukaza, kwenye miguu yote miwili, asubuhi kabla mgonjwa hajaketi na jioni. Andika. Shavu la mguu mmoja likizidi la mwingine kwa zaidi ya sentimita 3, hiyo ni mojawapo ya dalili ambazo madaktari huzihesabu katika kukadiria uwezekano wa donge. Kwa aliyevunjika muundi tofauti itakuwapo tangu mwanzo. Kinachotafutwa kwake ni namba inayopanda badala ya kushuka. Mguu ukiwa ndani ya plasta, tazama vidole na paja, na umsikilize mgonjwa akisema plasta iliyokuwa imelegea sasa inabana.

Vitabu husema mguu wenye donge huwa mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tafuta ngozi inayong'aa na kukazika, vena ndogo za juu zilizojitokeza, shimo linalobaki ukibonyeza kwa kidole. Gusa kwa mgongo wa mkono, mguu huu kisha ule, uone upi una joto. Ile njia ya kukunja wayo kuona kama shavu la mguu linauma haitegemeki: wengi wenye donge hawasikii kitu, na wengi wasio nalo huruka kwa maumivu.

Hali mbili nyingine huchanganywa na donge, na zote hazisubiri. Maumivu makali kupita kiasi katika siku mbili za kwanza, yasiyosikia dawa, yanayozidi unaponyoosha vidole vya mgonjwa, huku mguu ukiwa mgumu kama ubao na vidole vikifa ganzi: presha imepanda ndani ya misuli. Plasta ipasuliwe hadi ngozini mara moja na daktari wa upasuaji aitwe. Ikipita saa 6 hivi msuli huanza kufa. Na aliyevunjika paja akianza kuhema, kuchanganyikiwa na kutokwa na vidoadoa kifuani na kwapani kati ya siku ya 1 na ya 3, huenda ni mafuta ya mfupa yaliyoingia kwenye damu.

Usichue mguu

Tunalisema hili tukijua kwamba waunga mifupa wanaheshimiwa sana kuanzia Bungoma hadi Kisii, na wazee wengi huwaamini kabla ya daktari. Lakini mguu uliovimba baada ya kuvunjika usichuliwe, usikandwe kwa maji moto na majani, usisuguliwe mafuta kwa nguvu. Donge changa limeshikilia ukuta wa vena kwa upande mmoja tu. Kiganja kinachokamua kutoka kifundoni kwenda pajani kinaweza kulisukuma kwenda mapafuni. Vibao vilivyofungwa kwa kamba vikabana nusu ya mguu huzuia damu kurudi, na vikibana zaidi huleta kuoza. Jamaa akija na chupa ya mafuta, apake mikono na mabega. Mguu auache.

Donge likifika mapafuni

Dalili huja ghafla: kukosa pumzi bila sababu, kichomi kinachozidi akivuta hewa, moyo kwenda mbio, kukohoa damu, kuzirai au kuhisi kifo. Wakati mwingine ni kuhema kidogo tu alipoketishwa. Yasidhaniwe kuwa wasiwasi, vidonda vya tumbo au malaria.

Wodini, paza sauti, muuguzi aje na oksijeni. Nyumbani, mketishe akiegemea, legeza nguo, asitembee hata hadi choo, usimpe chakula. Piga simu ya dharura ya ambulensi ya kaunti, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Ambulensi ikichelewa, tafuta gari, wala si pikipiki. Mpeleke kwenye hospitali yenye oksijeni na daktari usiku na mchana, na ukifika sema sentensi hii kwanza: "Amevunjika mguu wiki mbili zilizopita, na pumzi imekata ghafla." Taja wiki halisi. Sentensi hiyo huokoa muda kuliko historia yote.

Kipimo na matibabu

Kipimo cha mguu ni altrasaundi ya vena. Mpimaji hubonyeza vena kwa kifaa: yenye afya hufungika, yenye donge hukataa. Ikiwa ya kwanza ni safi na shaka imebaki, hurudiwa baada ya wiki moja. Kipimo cha damu cha D-dimer hakithibitishi donge kwa aliyevunjika karibuni, kwa kuwa kuvunjika kwenyewe hukipandisha. Usitumie pesa zako za mwisho hapo kama altrasaundi inapatikana.

Likipatikana, dozi ya enoksaparini hupanda hadi miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa 12, yaani miligramu 60 kwa mtu wa kilo 60. Baadaye huja vidonge, kwa kawaida si chini ya miezi 3. Rivaroksabani ni miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha 20 mara moja kwa siku, ikimezwa pamoja na chakula. Wafarini ni rahisi zaidi mfukoni, lakini huanza pamoja na sindano kwa angalau siku 5, na huhitaji mara kwa mara kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, lengo likiwa kati ya 2 na 3. Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret ina kliniki ya dawa hizi.

Mwambie daktari dawa zote unazojua mgonjwa anameza, hata zile anazozificha. Dawa za HIV zenye ritonaviri hupandisha rivaroksabani mwilini hadi mtu avuje damu. Rifampisini ya TB huishusha, na wafarini pia, hadi donge lirudi. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila duka la dawa huuzia mwenye maumivu ya mfupa, zikichanganyika na dawa hizi huweza kulivujisha tumbo damu; omba parasetamoli badala yake. Mjamzito hatumii wafarini wala rivaroksabani, hutumia sindano.

Anayetumia wafarini hukatazwa mboga na majirani. Si lazima. Sukuma wiki, managu, saga, kunde na mrenda zina vitamini K nyingi, inayopingana na wafarini, lakini ukila kiasi kilekile kila wiki dozi hupangwa kukizingatia. Kinachovuruga ni kuacha mboga mwezi mzima, kisha kula sufuria ukienda nyumbani ushago.

Rudi hospitalini upesi ukiona choo cheusi kama lami, mkojo wenye damu, fizi au pua zinazovuja damu bila kukauka, jeraha linalolowanisha bandeji upya, au maumivu makali ya kichwa baada ya kuanguka hata kidogo.

Safari na miezi inayofuata

Kutoka Nakuru hadi Kisumu ni saa kadhaa barabarani. Usimkunje mgonjwa kiti cha nyuma cha matatu: lipieni viti vya kutosha mguu unyooke, au kodini gari dogo, na apige kifundo juu na chini njiani. Mkisimama Kericho, asimame kwa magongo dakika chache, anywe maji. Uangalizi wa utepe uendelee hadi miezi 3 tangu avunjike, maana madonge mengi hujitokeza mtu akiwa tayari nyumbani.

Aliyepata donge na kuanza dawa hahitaji kulala. Atembee kadiri mfupa unavyoruhusu. Mguu ukibaki mzito, ukivimba kila jioni, ngozi ikawa nyeusi juu ya kifundo, aonwe kabla kidonda hakijafunguka, apimwe soksi. Na kwenye kadi yake iandikwe wazi kwamba aliwahi kuganda damu. Akija kulazwa tena, hata kwa upasuaji wa kutoa chuma kilekile, daktari na mtaalamu wa ganzi wanapaswa kulijua hilo kabla ya siku ya upasuaji.